Nukta-mkato ya Vesta Zinck

Vesta Zinck alifanya kazi katika posta ya Wentzel Cove, mji mdogo wa wavuvi, kwa miaka thelathini na minne, na muda wote huo hakuna barua hata moja iliyopotea mikononi mwake. Zilizopotea zilipotelea Halifax, mji mkuu wa jimbo, na alikuwa na daftari la kuthibitisha hilo. Alipostaafu watu walidhani atapumzika. Alipumzika siku nne. Siku ya tano alibisha mlango wa makumbusho ya mji, yaliyomo ndani ya jengo lililokuwa zamani ghala la barafu ya samaki, akauliza ni nani anayeandika kadi za vitu vilivyomo. Akaambiwa hakuna. Mwenyekiti wa makumbusho anasema kimya kilichofuata kilikuwa cha baridi kuliko barafu yote iliyowahi kuwekwa mle ndani. Jumatatu yake Vesta alianza kazi, bila mshahara, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hakuombwa.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka sitini na mitatu, mwenye rula katika mfuko wa sweta. Hakuolewa. Mwaka 1974 Lorne Corkum alimwandikia barua ya posa, naye akairudisha kwa sababu haikuwa na tarehe. Lorne angeweza kuitia tarehe akaileta tena. Badala yake alimwoa mpiga kinanda wa kanisa, na Vesta hakusema kamwe kama alisikitika.

Makumbusho yalimpeleka Halifax kwenye mafunzo ya siku mbili, na huko ndiko alikokutana na nukta-mkato. Wanaofuatilia historia ya picha wana desturi yao. Kila picha ina mstari wake unaosema nani aliichora, ikaenda kwa nani, ikarithiwa na nani, ikaonyeshwa wapi. Picha ikitoka mkono huu ikaingia moja kwa moja mkono ule, kati ya majina mawili huwekwa nukta-mkato. Ikiwa kuna pengo, ikiwa hujui ilikuwa wapi miaka mitano au hamsini, unaweka nukta, unasimama, unakiri kwamba hujui. Mwalimu wa mafunzo aliwaambia kwamba nukta-mkato ni kiapo na nukta ni ungamo. Vesta aliyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari kwa rula. Mtu anayeona mambo haya ni ya kuchekesha na ajiulize ni mara ngapi yeye mwenyewe ameweka nukta-mkato mahali palipohitaji nukta.

Masika ya mwaka 2015 ilikuja barua kutoka jumba kubwa la sanaa la Halifax. Walikuwa wakiandaa maonyesho ya picha za Bi. Henrietta Ault, mwanamke aliyekuwa akija Wentzel Cove kila kiangazi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ili kuchora bahari, akidharauliwa na wanaume wote wa gatini kwa sababu hakuweka mashua kwenye picha zake. Sasa alikuwa na jina kubwa. Walisikia kwamba iko moja katika nyumba ya Bi. Orpha Zinck.

Kwa hakika ilikuwepo. Orpha alikuwa shangazi yake Vesta, miaka themanini na tisa, na ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Picha yenyewe haikuzidi ubao wa kukatia mkate: wimbi moja likivunjika juu ya mwamba, rangi ya kijivu na kijani ya chupa, hakuna ndege, hakuna mtu. Ilining'inia juu ya jiko la kuni tangu Orpha akiwa mtoto. Kila asubuhi alipokoroga chai yake aliitazama kwanza, ndipo akatazama bahari yenyewe dirishani, kama anayelinganisha. Kila Pasaka aliisugua kwa nusu ya kiazi kibichi, kama mama yake alivyofanya.

Jumba la sanaa lilimtuma Dokta Prescott Lyall, mtu wa makamo mwenye viatu visivyofaa matope. Orpha aliposikia neno dokta alianza kumwonyesha goti lake. Ikabidi Vesta aeleze kwamba huyu ni daktari wa mambo ya picha, na Orpha akasema kwa masikitiko kwamba basi amesoma bure. Dokta Lyall aliposikia habari ya kiazi alishika meza. Lakini alipoigeuza picha akaangalia nyuma, uso wake ulichangamka. Juu kabisa ya ubao, pale karatasi ya kahawia iliyofunika mgongo wa fremu ilipokomea, palikuwa na neno moja la penseli: *Admirali*.

"Huyu Admirali ni nani, Bi. Zinck?" akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua ndege.

"Baba alimfahamu sana," alisema Orpha. "Hakuna aliyemfahamu kuliko baba."

Vesta alifungua mdomo. Shangazi yake alimwekea kipande kikubwa cha soseji ya maini kwenye sahani. "Kula, mwanangu. Umekonda."

Hapa lazima isemwe kwamba Wentzel Cove ina watu mia sita na majina matano ya ukoo. Wakati mmoja walikuwako kina Ephraim Zinck kumi na mmoja, wote hai, wote wakipokea barua. Ndiyo maana kila mtu ana lakabu, na Vesta alizijua zote, kwa kuwa bila hizo posta isingefanya kazi hata siku moja. Alikuwako Ephraim Kijiko, Ephraim Milango Miwili, Ephraim wa Mjane. Na alikuwako Ephraim Admirali, babake Orpha, babu yake Vesta, mwanamume pekee wa kizazi chake ambaye hakuwahi kwenda kuvua kwenye bahari kuu, kwa sababu alikuwa akitapika hata ndani ya chombo kilichofungwa gatini. Wakampa kazi ya kutunza ukumbi wa maonyesho ya wilaya, ambao sakafu yake haikutikisika. Wavuvi walipomwona walimuuliza, "Admirali, bahari leo ikoje?" naye alijibu, "Ipo palepale nilipoiacha."

Wiki mbili baadaye Dokta Lyall alileta mstari wake uliopigwa chapa vizuri. Ulisema picha ilitoka kwa msanii. Ikaenda kwa admirali wa meli ya kivita ya Kiingereza iliyotia nanga Halifax kiangazi cha 1934. Akaitoa zawadi kwa Ephraim Zinck. Ikarithiwa na Orpha Zinck. Nukta-mkato tatu zilizonyooka kama vifungo vya koti la baharia. Alichohitaji ni saini ya Vesta tu, mtunza kumbukumbu wa mahali hapo, kabla ya katalogi kwenda kuchapwa mwishoni mwa mwezi.

Vesta alimpigia simu palepale akamwambia kwamba Admirali ni babu yake na hakuwahi kuamrisha hata mtumbwi. Dokta Lyall alicheka kwa furaha. Alisema hadithi za wenyeji humpendeza sana, lakini mtu hawezi kuandika utani wa watu juu yake mwenyewe kwenye mali yake mwenyewe. Hakuwa mwongo. Alikuwa amependa hadithi nzuri, na aliyependa hivyo huacha kusikia.

Kilichomsumbua Vesta ni kwamba katika hilo moja Dokta Lyall alikuwa sahihi. Babu asingejiandika Admirali. Basi ni mtu mwingine aliyeandika, na mtu humwandikia mwenzake jina lake pale anapomwachia kitu.

Makumbusho yalikuwa na daftari la ukumbi wa maonyesho la mwaka 1934, limelala kwenye sanduku pamoja na riboni za washindi wa kabichi ya kuchachusha. Vesta aliliweka mezani akaweka rula chini ya kila mstari akashuka. Namba 41: *Wimbi, ya Bi. H. Ault. Imeazimwa na Bi. Tamar Eisnor, aliyepewa na msanii. Haiuzwi.* Kulia palikuwa na safu ya saini za waliorudishiwa vitu vyao. Namba 40, mfarishi wa viraka, ulikuwa na saini. Namba 42, meli ndani ya chupa, ilikuwa na saini. Mbele ya 41 palikuwa peupe.

Alimwomba shangazi ampe picha siku mbili aipime, na Orpha, akiamini kwamba rula haiwezi kumdhuru mtu, akampa. Vesta alilowesha pamba akaipitisha polepole ukingoni mwa ile karatasi ya kahawia mpaka gundi ikalegea. Chini yake maandishi ya penseli yaliendelea. Yote kwa pamoja yalisomeka: *Admirali, nitunzie mpaka Jumapili. Tamar E.*

Alikaa chini. Tamar Eisnor alikuwa mjane aliyeendesha nyumba ya wageni wa kiangazi, pale Bi. Ault alipokuwa akilala. Alikufa mwaka 1946. Mjukuu wake Burnell alikuwa hai, na alikuwa akiishi ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha la Orpha.

Vesta alikwenda kwa shangazi yake na picha mkononi, akaitundika kwanza mahali pake, kwa kuwa hakutaka kuzungumza naye ukutani pakiwa na doa.

"Shangazi, Tamar Eisnor alikuja kuichukua?"

"Alikuja."

"Akaichukua?"

"Alikunywa chai."

Ilimbidi Vesta atoe habari kipande kwa kipande, kama mtu anayechambua samaki aliyejaa miiba. Paa la ukumbi lilikuwa likivuja siku ya mwisho ya maonyesho, na Tamar alikuwa na wageni tisa na hana ukuta mmoja mkavu. Admirali aliibeba picha chini ya koti. Orpha alikuwa na miaka minane, alishika mlango. Jumapili ile Tamar alikuja baada ya ibada, akakaa chini ya picha, akala, akasema itamfaa kuiacha wiki moja zaidi mpaka chumba cha juu kipakwe rangi. Akaja Jumapili iliyofuata. Akaja kila Jumapili kwa miaka kumi na miwili. Nyumbani kwake alikuwa akihudumia watu siku saba. Hapa alikuwa mgeni. Kila akiingia alisema, "Admirali, wimbi lako linaendeleaje?"

"Umesikia?" alisema Orpha. "Wimbi *lako*. Alisema mwenyewe."

"Alikuwa anamtania babu."

"Utani nao ni maneno."

"Na alipokufa? Watoto wake waliuliza?"

Orpha alitia kuni jikoni, ingawa kuni zilikuwepo. "Hawakuuliza."

"Mliwaambia?"

"Mtu hajauliza, unamwambia nini?"

"Kwamba kitu chake kiko kwenu."

Orpha aligeuka. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini alipokasirika alilijaza jiko zima. "Kaandika mpaka Jumapili. Hakusema Jumapili ipi, Vesta."

Vesta akamwambia kwamba hawezi kutia saini mstari wa Dokta Lyall. Shangazi akajibu kwamba alimwosha masikio tangu ana miaka sita, akamfundisha kusoma kwa maandishi ya makopo ya unga, na sasa msomi huyo amekuja kumpora kwa kalamu. Hakupiga kelele. Alipanga vikombe rafuni, kimoja kimoja.

"Andika unavyoona," alisema mwisho. "Ila ukiniondolea lile wimbi, Ijumaa usije hapa kula samaki."

Vesta hakuwahi kukosa samaki wa Ijumaa kwa shangazi yake tangu mwaka 1958, isipokuwa mara mbili za theluji.

Alikaa na kadi nyeupe mbele yake siku nne. Kutia saini mstari wa Dokta Lyall hakukumjia akilini hata dakika moja. Kuapa uongo kwa heshima ya admirali asiyekuwepo kulikuwa chini ya hadhi yake. Lakini palikuwa na njia nyingine, laini, na ndiyo iliyomnyima raha. Angeweza kuandika *Tamar Eisnor*, akaweka nukta, kisha *Ephraim Zinck*. Nukta moja tu. Ingemaanisha kwamba hapa kuna pengo na kumbukumbu hazisemi kitu. Maelfu ya picha duniani zina nukta kama hiyo na zinalala usingizi mzuri. Shangazi angebaki na wimbi lake, Burnell Eisnor asingejua alichokosa, na hakuna msomaji ambaye angenyoosha kidole.

Aliiandika nukta hiyo. Aliitazama asubuhi nzima. Mchana aliikunja kadi akaitupa motoni. Nukta ni ya asiyejua, naye alikuwa akijua. Ungamo la kutojua kutoka kwa mtu anayejua ni uongo uleule, tofauti ni kwamba umevaa nguo za unyenyekevu, na wa namna hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu watu huusifu.

Tatizo lilikuwa kwamba desturi ile haikuwa na alama ya jambo alilolijua. Hakukuwa na alama ya kitu kilichotunzwa kwa upendo na mtu asiyekimiliki, huku kila mmoja akinyamaza kwa adabu. Siku ya nne aliacha alama akatumia maneno. Aliandika: *Msanii, zawadi kwa Bi. Tamar Eisnor, ikawekwa kwa Ephraim Zinck, mtunza ukumbi, aitunze, 1934, ikatunzwa na yeye na binti yake Orpha hadi leo. Haikurudishwa.* Kisha akavaa koti. Si haki mtu asome habari ya mali yake kitabuni kabla hajaambiwa usoni.

Burnell Eisnor aliitwa Burnell Mvua, kwa sababu kila asubuhi kwa miaka arobaini alitabiri mvua, na kwenye pwani ile mara nyingi alipatia. Alikuwa na miaka sabini na minane. Yeye na Orpha hawakuwa wakisemezana tangu 1988, mwaka aliochaguliwa kuwa jaji wa kabichi ya kuchachusha akampa Orpha nafasi ya pili na kuandika kwenye kadi kwamba chumvi imezidi. Vesta alimkuta banda la nyuma akitengeneza mitego ya kambakoche.

"Vesta wa Posta," alisema. "Kaa, mvua inakuja. Nani amekufa?"

Alimpa kadi na nakala ya yale maandishi ya penseli. Burnell alizisoma akizishika mbali, kisha karibu, kisha mbali tena. Alipomaliza aliweka kidole kwenye neno *Jumapili*.

"Kila Jumapili," alisema. "Unajua sisi tulidhani nini?"

Vesta alisogeza mtego mmoja akakaa.

"Tulidhani ana jambo na Admirali. Mjane anakwenda kwa mume wa mtu kila Jumapili, amevaa kofia yake nzuri, anarudi jioni anaimba. Mama yangu hakuwahi kumsamehe. Hata siku ya maziko yake mama alisimama nyuma." Alikung'uta vumbi la mbao kwenye goti. "Kumbe alikuwa anakwenda kuangalia wimbi."

"Na kula," alisema Vesta, ambaye hakupenda jambo lisemwe nusu.

"Na kula," alikubali Burnell. Alitoa leso akapenga kwa kishindo. "Sasa ni yangu?"

"Wewe ndiye mrithi pekee. Ni yako."

"Orpha anajua umekuja?"

"Anajua nitaandika. Hajui nimekuja."

Burnell alicheka mpaka akakohoa. Alisema kwamba kwa miaka ishirini na saba amesubiri kitu kimoja tu cha kumshika Orpha Zinck, na sasa amepewa kikubwa kiasi kwamba hajui aanzie wapi.

Alianzia Jumanne. Alivuka barabara akiwa na viatu vya mpira na shati la kanisani, na Vesta, aliyeitwa awe shahidi, alifuata nyuma. Orpha aliwafungulia. Alimpa Burnell chai katika kikombe kilichovunjika mpini, na kila mmoja katika chumba kile alielewa maana yake. Burnell alikishika kama kikombe cha mfalme, akatazama juu ya jiko.

"Ndogo," alisema. "Kwa maneno yote haya nilidhani ni kama mlango wa ghala."

"Kama ni ndogo mno iache."

"Sijasema mno."

Alisogea karibu. Alikuwa mvuvi tangu ana miaka kumi na mitatu, na kwa muda hakuwa akimtazama Orpha wala mtu yeyote. "Huo ni Mwamba wa Mgongo," alisema. "Maji yanatoka. Ona povu lilivyolala upande wa ndani. Yule mama mchoraji alikuwa anajua kuangalia."

"Ni Mwamba wa Kikongwe," alisema Orpha. "Baba alisema."

"Orpha, baba yako hakuwahi kuuona mwamba wowote kutoka upande huo, wa baharini. Alikuwa ameinamia ndoo."

Vesta aliogopa. Lakini shangazi yake alikuwa akitazama dirishani. Miaka themanini na moja aliitazama picha ile kila asubuhi na kulinganisha na dirisha, na hapakuwa na siku moja vilivyolingana, na sasa alikuwa ameambiwa kwa nini. Alichukua miwani yake. Alipita pembeni ya Burnell akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Tamar alijua ni upi?" aliuliza.

"Alikuwa mke wa mvuvi. Mume wake alizama hapo."

Kikombe cha Burnell kilikuwa kimeinama, chai ikitonatona kwenye zulia.

"Hakutuambia," alisema Orpha. "Miaka kumi na miwili anakaa pale. Hakutuambia." Kisha, bila kumtazama: "Nilikuwa na miaka ishirini alipokufa, Burnell. Nilikuwa mtu mzima. Ningeweza kuvuka barabara. Nilijiambia kwamba ni jambo la baba." Alivua miwani. "Halikuwa la baba."

Burnell alisema kwamba picha iende Halifax kwanza, kisha ataichukua. Hakusema kwa ubaya, na hakusema kwamba Orpha abaki nayo. Ilikuwa ya bibi yake, na bibi yake alisingiziwa kwa ajili yake. Ikae nyumbani kwake angalau mara moja. Orpha akasema ichukuliwe. Alipomsindikiza hadi mlangoni alimwambia kwamba chumvi haikuzidi, naye akamwambia kwamba ilizidi.

Dokta Lyall aliagana na admirali wake kwa uchungu. Alimuuliza Vesta mara mbili kwenye simu kama ana hakika. Lakini alikuwa mtu mwadilifu chini ya vile viatu, na katalogi ilichapwa kama kadi ilivyoandikwa, neno kwa neno. Maonyesho yalipofunguliwa Septemba, Vesta aliwapeleka Orpha na Burnell kwa gari lake, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakibishana kuhusu dirisha. Kwenye ukumbi ule mkubwa picha ilionekana ndogo zaidi kuliko jikoni. Watu walisoma kibandiko, wakatazama picha, wakarudi kwenye kibandiko. Mwanamke mmoja mgeni alimuuliza mlinzi ni nani huyo Orpha aliyetajwa hapo, kama naye alikuwa msanii. Orpha alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Alinyoosha mgongo, akasema kwamba alikuwa mwizi, ila wa taratibu, na akaenda kutafuta kiti.

Pamoja na hayo, tangu siku ya ile kadi hakumwita Vesta Ijumaa. Safarini alisema naye kuhusu barabara na choo tu. Vesta hakulalamika. Alijua aliloandika na alijua bei yake, na mtu anayetaka kusema kweli bila kulipa chochote anataka sifa tu. Ijumaa alipika samaki wake mwenyewe, wakawa wakavu kila mara. Ilifika Ijumaa ya kumi na tisa. Wakati huo maonyesho yalikuwa yamefungwa, picha ilikuwa kwa Burnell majuma mawili, na juu ya jiko la Orpha palikuwa na kalenda ya kampuni ya mafuta.

Simu ililia saa nne asubuhi.

"Njoo na kalamu," alisema shangazi, akakata.

Vesta alikuta sahani mbili mezani, lakini hakualikwa kukaa. Orpha alikuwa amesimama dirishani akiangalia ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni.

"Ameitundika ukuta unaotazama dirisha," alisema. "Nimeiona kutoka hapa. Jua linaipiga tangu asubuhi mpaka saa nane. Kijani kitakufa kabla ya Krismasi. Mwandikie barua ya makumbusho, yenye mhuri, aiondoe."

"Makumbusho hayana mamlaka juu ya picha yake, Shangazi."

"Andika."

"Siwezi kuandika kwamba makumbusho yanaamuru, wakati hayaamuru."

Orpha alimgeukia, na Vesta akajiandaa kurudi nyumbani kwa samaki wake mkavu. Shangazi alimtazama kwa muda, kuanzia viatu mpaka nywele, kama anavyotazamwa mtoto ambaye amekua bila ruhusa.

"Basi andika unavyoweza," alisema. "Kaa kwanza. Samaki anapoa."

Vesta alikaa. Alisogeza sahani, akaweka karatasi, akatia tarehe. Akaandika kwamba Bi. Orpha Zinck, ambaye si mwenye picha wala hana haki yoyote juu yake kisheria, anamwarifu jirani yake Bw. Burnell Eisnor kwamba jua ni adui wa rangi ya kijani, na kwamba ukuta wa pembeni, karibu na mlango wa jikoni, ungefaa zaidi.

Orpha aliisoma akiwa amesimama.

"Ongeza," alisema, "kwamba nitakuja mwenyewe kuangalia kama ameihamisha."

"Lini?"

Shangazi alifikiri, akachukua uma wake.

"Usiandike siku," alisema. "Akae akisafisha nyumba kila siku."